Ulilia Mazishi Yakishakwisha

Mwaka umetimia, mama yetu, fundi wetu, tangu cherehani yako ifunikwe shuka na chumba cha kushonea kifungwe mchana kweupe. Wateja bado wanapita kuulizia sketi za shule. Tunawaambia fundi amepumzika. Wengine huondoka kimya, wengine hukaa pale mlangoni wakitusimulia vituko vyako mpaka tunacheka nao.

Maana ulikuwa mtu wa vichekesho. Uliongea huku umebana pini mdomoni, na hakuna aliyekuona ukimeza hata moja. Mtoto akiletwa kupimwa sare huku analia, ulimvika tepe shingoni ukamwambia, "Haya, leo fundi ni wewe. Nipime mimi." Na kila sare uliiachia pindo nene kwa ndani, ili mwakani mzazi alifumue mtoto akirefuka. Mafundi wenzako walikuambia unajifukuzia wateja. Ukawajibu kwamba watoto huzaliwa kila siku.

Basi kila Jumamosi mchana, mwanamke huyo huyo aliyecheka wiki nzima aliketi mbele ya televisheni na kulia. Kwa hiari yake! Hukumuuliza muuza filamu wa pale kona filamu inahusu nini.

"Anakufa nani?"

"Hii, mama, anakufa mke wa mkuu wa stesheni."

"Na wengine?"

"Wengine wanabaki wakiteseka."

"Naichukua."

Mumeo hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Unamjua mzee wetu. Alikuwa mkaguzi wa lango pale kiwandani, akipekua mikoba ya watu wanaotoka kazini. Alijisomea shule ya jioni mpaka akapata cheti, kikatundikwa sebuleni, na tangu hapo hakubali kwamba kuna jambo lisilo na sababu. Mtu hulia kwa kuwa ameumia. Mkewe analia, na nyumbani hakuna aliyemgusa. Basi kuna kitu kimefichwa.

"Unamlilia nani?" alikuuliza siku moja, wewe na mdogo wako mkiwa mmelowa machozi.

"Huyu dada hapa. Humwoni? Mchumba wake amezama."

"Huyo analipwa mshahara kwa kulia."

"Basi mshahara wake ni halali, Bwana Mkaguzi. Kazi ameifanya."

Mdogo wako alicheka mpaka akashika mbavu. Mumeo hakucheka. Moyoni alikuwa amemkumbuka yule mwalimu wa hesabu aliyekuposa kabla yake, ukamkataa. Je, ulimkataa kwa moyo wote? Hakuthubutu kuuliza. Alichoogopa ni kimoja tu: kwamba maisha aliyokupa hayakukutosha, na Jumamosi ndiyo siku uliyojiruhusu kuyajutia.

Akakutega. Alikuletea filamu ya vichekesho, ili aone kama furaha nayo itakugusa. Ukalala, tena ukakoroma.

"Mbona hucheki?" alikuamsha.

"Vichekesho ninavyo humu ndani, mume wangu. Nikavifuate dukani kwa nini?"

Tangu hapo akawa anakaa pembeni na gazeti, hasomi. Macho yake hayakuwa kwenye filamu, yalikuwa usoni pako. Akagundua jambo lililozidi kumtia wasiwasi. Mtu akikata roho kwenye filamu, mdogo wako aliangua kilio, na wewe unamenya chungwa. Mazishini uliwasema waombolezaji kwa nguo zilizowapwaya. Kisha marehemu ameshazikwa, watu wametawanyika, muziki umenyamaza, ndipo machozi yanakushuka taratibu. Mumeo akajiuliza: sasa huyu analia nini?

Ugonjwa ulipokuchukua, ulikuchukua haraka. Swali lake likabaki naye.

Wiki chache zilizopita alimwita mdogo wako akaketi naye sebuleni.

"Shemeji, niambie kweli. Dada yako alikuwa akimlilia nani?"

"Ee, shemeji! Hata leo bado unapekua mikoba?"

"Nijibu."

Mdogo wako aliacha utani. "Sijui. Mimi nilikuwa nalia mapema, nachoka mapema. Yeye aliniambia, 'Subiri. Huzuni yenyewe bado.' Itazame mwenyewe."

Mumeo akaiweka ile filamu ya mkuu wa stesheni, uliyoirudia kuliko zote katika mwaka wako wa mwisho. Kwa mara ya kwanza aliangalia mbele. Mke akafa, akazikwa, watu wakatawanyika, muziki ukanyamaza. Akautambua ule ukimya. Hapo ndipo ulipokuwa ukilia.

Kwenye kioo cha televisheni, yule mkuu wa stesheni, mwanamume mtu mzima, alikuwa anarudi kutoka kazini. Alifungua mlango akaita, "Nimerudi," kwa mazoea. Akasimama. Kisha akaingia jikoni, akafungua kabati moja baada ya jingine, hapati chumvi. Ni hayo tu. Mwalimu wa hesabu hakuwamo, wala msichana anayejutia ndoa yake.

Mumeo alizima televisheni, akakaa na mikono magotini mpaka mdogo wako akaingia kuwasha taa. Hatasema alilia, na sisi hatutamsemea.

Shaka ya kwanza imekwisha, mama: ulikuwa ukimlilia anayebaki. Amebaki na nyingine. Anakumbuka mwezi ule, kabla hujaanguka, ulivyomshika mkono ukamwingiza jikoni: "Bwana Mkaguzi, leo kagua huku." Ukamfungulia kila kabati. Chumvi hii, majani ya chai haya, vitunguu chini, kiberiti juu mbali na wajukuu. Ukamsimamisha apike chai, akaichemsha mpaka ikamwagika, ukacheka hadi ukakaa chini. Yeye alidhani unatania. Sasa anashuku kwamba ulijua unaondoka, ukatuficha sote.

Chai anapika mwenyewe, na haimwagiki. Kila kitu amekiacha pale pale ulipomwonyesha.

Tunaokukumbuka ni mumeo; mdogo wako; binti yako muuguzi na mwanao fundi umeme; mkweo; wajukuu ambao mapindo yao bado hayajaisha kufumuliwa; pamoja na majirani na watoto wote uliowavisha.

Maadamu tupo, nawe utakuwa ukitajwa nyumbani humu.