Bwawa Lililong'aa Kupita Kiasi

Jumapili, Itaba. Mvua ilipiga usiku, sasa jua linawaka na matope yanakauka mlangoni. Leo nina raha ya mtu aliyechekwa wiki nzima, hatimaye kasikilizwa.

Bwawa letu la samaki lina banda la kuku juu yake. Kinyesi kinaanguka majini, mwani unaota, maji yanakuwa kijani, na kijani hicho ndicho chakula cha perege wadogo. Nilijifunza hivyo Gitega. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania shamba lilikuwa kichaka. Bwawa ndilo kitu cha kwanza nilichoanzisha hapa. Likinishinda, wanaoniita mgeni watakuwa wamepata la kusema.

Hivi karibuni maji yaliacha kuwa kijani, yakang'aa. Majirani wakasifu usafi wake na mimi, nakiri, nikavimba kichwa. Kisha nikazamisha mkono hadi kiwiko, nikaona vidole vyangu vyote. Bwawa lenye afya halionyeshi vidole.

Samaki wangu walikuwa na njaa.

Nikaushuku unga wa Dezire, mdogo wa mume wangu, mwenye duka Muyinga. Ni antibiotiki ya kuku. Nilikuwa nimeanza kuwachanganyia kuku kwenye maji ya kunywa, wagonjwa kwa wazima, eti kinga. Kumbe dawa inatoka na kinyesi na kuingia bwawani.

Nilipompigia simu alicheka sana. "We shemeji, hii dawa iko ya microbe, ya vidudu! Majani ya maji itaifanya nini?"

Nilijaza chupa mbili maji ya kijani kutoka bwawa la jirani, moja nikaitia unga kidogo, zote nikaziacha juani.

Leo Dezire amekuja, nimemwekea chupa mezani. Moja imekolea kijani kama kisamvu. Ya unga imepauka, na chini yake kuna tope la kijivu. Amezigeuza mkononi muda mrefu.

"Mi nauzishaka hii kwa watu mingi," akasema polepole. "Nao wako na mabwawa."

Nilidhani nitafurahi kumshinda. Nimemhurumia. Ameondoka na chupa zote mbili, anataka wateja wake wazione kabla hajawapimia unga.

Kwangu, dawa ni ya kuku mgonjwa tu, tena atengwe nyuma ya nyumba, mbali na maji.

Jioni hii nimezamisha mkono tena. Vidole bado naviona. Nitarudi kesho, na keshokutwa, mpaka vipotee.