Pembe za Mteremko wa Kusini

Shamba la Stensrud,
Lewistown, Montana.
19 Aprili 1998

Mpendwa shemeji Thora,

Pokea salamu kutoka huku kwenye matope. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua Krismasi yote kimetulia? Na Clement, mgongo wake unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya Februari imekaa mezani karibu na kikopo cha chumvi, naisoma kila nikila, kisha naiacha. Uliuliza kama dada yako Ione bado ananijua. Sikutaka kuandika jibu, maana niliona nikiliandika ndiyo basi tena. Hanijui, Thora. Tangu Januari hanijui. Ananiita bwana, ananishukuru kwa kumtembelea, kisha ananiuliza kwa upole kama kuna mtu wangu anayekaa humo kwenye makao ya wazee.

Hapa nyumbani kumekuwa kimya mno. Asubuhi nakaanga mayai manne kwa mazoea, mawili nampa mbwa.

Mwezi uliopita nilienda kuokota pembe za kulungu, zile madume wanazozidondosha kila mwaka. Ni mara ya kwanza kwenda peke yangu katika miaka arobaini na moja. Unakumbuka tulivyokuwa: mimi nilibeba mkoba, mwenye macho alikuwa yeye. Nilizunguka kando ya mto siku tatu nikarudi na kipembe kimoja tu, tena kimetafunwa na panya. Jumapili nikampelekea, kwa kuwa sikuwa na la kuzungumza.

Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale kwenye shina panapokwaruza.

"Hiki umekiokota mtoni," akasema.

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Panya wa mtoni hawaachi kitu. Unajichosha bure, bwana. Huko chini kuna baridi, kulungu hawakai. Nenda kwenye mteremko unaotazama kusini, pale theluji inapoyeyuka mwanzo. Mchana wanalala hapo kuota jua. Halafu fuata ua wa waya. Dume akiruka, ule mshtuko wa kutua ndio unaoiangusha pembe."

"Huko nilipita juzi."

"Basi ulipita jua likikupiga usoni. Lipe mgongo. Na usitafute pembe nzima, tafuta ncha. Mvua ikishanyesha, zinang'aa." Akanitazama viatu, akatikisa kichwa. "Mume wangu naye ni hivyo hivyo. Mtu mzuri, lakini anaweza kujikwaa kwenye pembe, akaiomba radhi, akapita."

Delphine, yule muuguzi wake, alikuwa mlangoni, akacheka. Nami nilicheka. Baadaye nikakaa ndani ya gari kitambo kabla ya kuliwasha.

Alhamisi mvua ilinyesha. Ijumaa asubuhi nilipanda mteremko ulio nyuma ya zizi la zamani la kondoo, jua likiwa mgongoni, nikaufuata ua polepole. Hadi saa sita sikuwa nimeona kitu. Goti likanilazimisha kukaa, na nilipokaa tu nikaona ncha katika majani makavu, nyeupe, haizidi urefu wa kidole. Niliivuta, ikatoka pembe ya matawi matano. Nikapita chini ya waya, na hatua kumi mbele, upande wa pili, nikaikuta pacha yake.

Sijawahi kupata jozi mimi mwenyewe. Niligeuka kumwita Ione. Mdomo nilishaufungua, shemeji. Nyuma yangu alikuwepo mbwa tu. Tangu tulipompeleka kule makaoni Novemba nilikuwa sijalia. Siku hiyo nililia hadi mbwa akaja kunilalia miguuni.

Jana nilimpelekea zote mbili. Alizipakata, akahesabu matawi, akaniuliza zilikuwa umbali gani kutoka kwenye ua. Nikamwambia. Tulizungumza saa nzima, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka jana. Zimebaki kwake, juu ya kabati, karibu na picha yenu mkiwa wadogo.

Njoo mwezi wa sita, Thora. Najua Halifax ni mbali. Huenda asikujue nawe, na itakuuma. Usimuulize kama anakukumbuka. Muulize jinsi mama yenu alivyokanda mkate, halafu mwache aseme. Chumba cha juu nitakufanyia usafi.

Nisalimie Clement, na Maeve na watoto wake, na binamu Osric ukimwona kanisani. Mungu awape afya na aifungue njia yako hadi huku.

Nilipokuwa nikivaa kofia kuondoka jana, Ione alinishika mkono. "Bwana, wewe unayepita huko mlimani, ukikutana na mume wangu mwambie asichelewe. Namngoja."

Nikamwambia nitamfikishia.

Akupendaye siku zote,
shemeji yako,
Arvid