Harufu ya Mzee Sudi

Tabora, 9 Machi 1992

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu iliyovimba kwa safari. Kifua chako je, kimetulia? Chuo kimenipa kitanda na chandarua chenye tundu, na Mungu akipenda nitatoka hapa mwalimu wa Kiswahili.

Tulipopanda treni pale Isaka nilipata kiti cha dirishani, nikaitoa ile riwaya ninayoandika. Bibi Tatu, yule mjane wangu, anaendelea vizuri. Nimempa harufu ya iliki na kanga mpya ambayo haijaonja maji, na taarabu anaimba akiwa na hasira tu. Kila abiria aliyepita nilimnusa kidogo, nikajiuliza anamfaa nani kitabuni. Mama mmoja akanikamata pua yangu iko begani kwake. Nikamwambia nina mafua.

Shida yangu ni Mzee Sudi, fundi saa anayempenda Bibi Tatu. Nimemwandika kurasa nyingi, lakini hanuki kitu na hajui wimbo hata mmoja. Mtu gani huyo? Nisaidie. Wewe unashinda barazani kwa jirani yetu Donatille, unashona kwa cherehani lake la kuazima, na wanaume wote wa Gitega wanapita mbele yako.

Mwanao,
Gaju


Gitega, Kigali, 2 Aprili 1992

Gaju wangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, mvua ndiyo inakisumbua. Huku tupo, vita bado ni vya mbali, vya kaskazini, ila bei ya sukari imevisikia.

Mtu wa karatasi ana halufu gani? Nilicheka mpaka Donatille akauliza kama umepata mchumba. Haya, andika. Sudi ananuka tangawizi, maana anaitafuna mbichi kila asubuhi. Chini ya tangawizi kuna mafuta mepesi ya mashine, halafu sabuni ya kufulia, kwa sababu hana mtu wa kumkumbusha kununua ya kuogea. Wimbo wake ni rumba ya Zaire, ile ya zamani. Waimbaji wakianza anapunguza redio, gitaa likibaki peke yake anaongeza. Lakini zile nyuzi zetu za inanga, hizo anazisikiliza amesimama. Nilimuuliza kwa nini, akasema kitu kama hicho mtu hakisikilizi amekaa.

Kula vizuri. Usinuse watu.

Mama yako


Dodoma, 17 Mei 1992

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imekuhurumia. Mimi nimeletwa Dodoma kwa mazoezi ya kufundisha. Vumbi nakula bure, na wanafunzi wananiita Madamu.

Umenimaliza. Eti "nilimuuliza", kama vile mlikutana sokoni! Sasa Sudi anapumua. Natembea naye mjini, nikisikia gitaa kwenye kilabu namwona anageuza shingo. Nimempenda, nasema kweli. Ila andika harufu, mama, si halufu, wanafunzi wangu wasije wakaiona nikafukuzwa kazi.

Nafikiri atakufa mwishoni kwa homa ya mapafu, ili Bibi Tatu abaki na kumbukumbu ya marehemu mumewe. Hapo wasomaji watalia.

Mwanao,
Gaju


Gitega, 5 Julai 1992

Gaju wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na wewe nakuombea hivyo hivyo.

Usimuue Sudi. Amekukosea nini?

Jambo lenyewe la barua hii ni lingine. Unamkumbuka Mzee Munyakazi, fundi wa cherehani aliyefiwa na mke? Amenipa mahali. Ameleta na cherehani jipya la miguu. Nimelifunika shuka, siligusi mpaka wewe useme. Nimebaki na wewe tu, Gaju. Ukikataa nitamrudishia kila kitu na sitanung'unika. Naona aibu kumwandikia mtoto mambo kama haya, lakini nitamwandikia nani?

Mama yako


Dodoma, 2 Agosti 1992

Mama yangu,

Shikamoo. Nipo salama, nashukuru kusikia nawe upo salama.

Aibu ya nini? Tangu baba afariki unahangaika kwenye baraza za watu. Mtu akikupa mahali unachukua. Uliza tu kama ni pa kudumu au pa muda, na kama kuna mwanamke mwingine ndani, maana kubanana kunaleta ugomvi. Ukiona panakufaa, anza Ijumaa yoyote, usiningoje mimi. Mwalike Donatille na majirani, mle mfurahi. Mzee Munyakazi mpe asante yangu.

Mwanao,
Gaju


Gitega, 13 Septemba 1992

Gaju wangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima sana.

Barua yako nilimsomea Munyakazi, machozi yakamtoka. Akasema huyu mtoto anauliza maswali kama shangazi wa watu. Majibu ni haya: ni ya kudumu, na mwanamke mwingine hakuna. Tulifunga ndoa Ijumaa kama ulivyosema. Donatille ni Mkatoliki lakini wali wa walima alipika yeye, akagombana na kila aliyesogelea sufuria. Sikujua moyo wako ni mkubwa hivi. Nilikuwa naogopa kukutajia jina lake, ndiyo maana nikamweka ndani ya Sudi, nione kama utampenda.

Mama yako


Dodoma, 18 Oktoba 1992

Mama,

Shikamoo. Mimi si mzima.

Mahari anapewa mke. Mahali ni pa kukaa. Nilidhani umepata kibanda cha kushonea. Sikukubali ndoa yoyote. Watu wamekula wali wa harusi ya mama yangu na mimi niko huku nafundisha ngeli, kwa sababu ya herufi moja.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Jana usingizi ulikataa, nikajaribu kukumbuka harufu ya baba, nikakosa kabisa. Ya Munyakazi naijua hadi sabuni yake. Ya Shema, baba yangu mzazi, siijui, na wewe hukuwahi kuniambia. Hilo linaniuma kuliko hiyo ndoa.

Usiniandikie kwanza.

Gaju


Gitega, 10 Januari 1993

Gaju wangu,

Salamu zangu hukuzitaka, nakupa hivyo hivyo. Nimengoja uandike mpaka nimeshindwa.

Ni mahari. Mwalimu Uwamahoro amenionyesha. Mimi nilikwenda shule ya Kurani, herufi hizi nyingine nilizishona mwenyewe. Nisamehe.

Munyakazi hayupo hapa. Nilipomweleza alisema: "Ile 'ndiyo' ya kwanza mutoto alisema, ilikuwa ya nyumba. Mimi nangoja ingine." Akachukua redio yake akaenda kwa dada yake Kinyinya. Cherehani limerudi chini ya shuka. Ukisema hapana, tutakwenda kwa imamu tuachane bila kelele. Simaanishi kukutisha. Nampenda, lakini wewe nilikuzaa.

Baba yako alinuka petroli na maziwa. Alikuwa dereva wa lori, chai hakunywa, chupa ya maziwa aliiweka kando ya dumu la petroli na hata uoshe vipi harufu haikutoka. Wimbo hakujua hata mmoja. Alipiga mluzi, mbwa wa jirani wakaja. Sikukuambia kwa sababu nilidhani unakumbuka, ulikuwa unalala shingoni mwake.

Mama yako


Dodoma, 4 Aprili 1993

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi tu, wanasema njia za huko zilifungwa. Redio imetutia hofu mwezi mzima, eti vita vimekaribia Kigali. Kama wewe na Donatille mmeshalazimika kuhama, mtu yeyote anayeifungua hii aniandikie.

Nilinunua maziwa nikaenda kusimama kwenye kituo cha mafuta. Mwenye pampu akaniuliza nataka nini, nikamwambia nasubiri mtu. Nilifungua chupa nikanusa, na baba akaja. Alikuwa na ndevu zinazochoma na alinibeba mkono mmoja. Nililia pale pale mbele ya malori, mama, na mwenye pampu akaniletea kiti.

Kwa hiyo baba ninaye, na hakuna aliyemchukua. Nilidhani nyumba yetu ina nafasi ya mwanamume mmoja tu, hata akiwa kaburini, na wewe nikakufanya mlinzi wake. Halikuwa jambo la haki.

Nenda Kinyinya mwenyewe, au mtume Donatille, umwambie mumeo arudi leo. Asingoje likizo yangu. Hizi si siku za wewe kulala peke yako katika nyumba hiyo, na mimi sitapata usingizi huku mpaka nijue yupo mlangoni.

Mwanenu,
Gaju