Siku Nilipoanika Matela

Jumamosi, siku ya posho, tarehe 10 mwezi wa kwanza

Kunguni tena. Usiku muzima kujikuna. Asubui nimechemsha maji, nimemwaga kwa mbao za kitanda mara mbili. Zile za kitanda zimekufa. Za ndani ya matela, godoro yangu, zinanicheka. Kwangu jua inafikaka saa sita, sababu ya muti ya avoka ya jirani. Basi nimefunga matela na kamba, nimeiweka kwa kichwa, nimepanda mpaka kwa mawe nyuma ya shapeli, kanisa yetu ndogo.

Nimepita njia ya katikati. Mama Riziki alikuwa anafagia. Nimemusalimia. Ameniangalia, ameangalia matela, hakujibu. Rafiki yangu tangu tuko watoto! Nimekasirika. Sikusimama.

Kule juu jua kali, muzuri. Nimepiga matela na fimbo mpaka mukono ikachoka. Maharagi ya mulima yote imekuwa manjano. Tulisema tutaanza kungoa kesho kutwa, siku ya kwanza.

Saa saba nimeshuka. Kimya. Milango wazi. Sombe ya Mama Riziki, majani ya muhogo, iko inachemka peke yake kwa moto. Mbuzi ya shefu wa kijiji kwa kamba, inalia. Hakuna muntu. Nimepiga magoti nyuma ya choo, nimesali, nimengoja masasi ya bunduki. Hakuna masasi.

Amebaki muntu moja tu: Papa Musafiri, ule wa miguu mubaya, kwa kiti mbele ya mulango wake. Walitaka kumubeba, akakataa. Nimemuuliza vita iko wapi.

"Wewe njo unaniuliza? Si wewe njo ulitangulia na matela kwa kichwa?"

Mulima yote imekimbilia Kashuga, kwa kambi ya wakimbizi. Sababu ya kunguni zangu.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Hakuna ibada. Mimi, Papa Musafiri na mbuzi. Tumekula sombe ya Riziki. Iliungua chini.

Nimefikiri. Mara mbili zamani nilikimbia wa kwanza, na mara mbili vita ilifika kesho yake. Walionifuata waliokoa mbuzi zao. Tangu pale watu wanasema kaka yangu wa Itebero, kule Walikale, ananipa habari ya vita kwa telefone. Kaka yangu! Ananiitaka kuniambia tumbo inamuuma. Mara ya kwanza nilikimbia sababu ya ndoto mubaya. Ya pili, niligombana na shemeji yangu na nilitaka tu kutoka.

Sijaambia muntu. Ilinipendeza, njo ukweli. Nikinunua mbegu fulani, nao wananunua. Nikifunga kilemba upande, juma ingine korali yote ya kanisa imefunga upande. Nilikuwa najiona malkia. Ehe, malkia ya kunguni.

Mangaribi mvula imenyesha. Maharagi iliyokomaa ikipigwa mvula siku nyingi, inaota ndani ya ganda. Hapo hakuna chakula, hakuna mbegu, kwa mulima yote. Lazima warudi juma hii. Mimi niliwatoa, mimi nitawarudisha.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Nimetoka mapema, nimefika Kashuga saa sita. Wako kambini kwa shule, wamelala chini ndani ya darasa, wamebanana. Nimesimama katikati na nimesema wazi: ilikuwa kunguni. Nimeonyesha mikono yangu, mapele yote. Wamecheka kidogo, kwa heshima. Hakuna aliyesimama.

Mama Riziki ameniuliza polepole: "Mama Neema, kama hakuna kitu, mbona nawe umekuja huku?"

Nimemuonyesha mapele tena. 

Shefu ameongeza yake. Watu wa mulima ya ng'ambo nao wamefika jana na vitu vyao, ile nayo iko kunguni? Nimeenda kuwauliza. Wamesema: tuliona wenu wanakimbia. Ah bon, kumbe. Basi wetu wanabaki sababu ya wale, na wale wanabaki sababu ya wetu. Kila muntu anachunguza mwenzake, hakuna hata moja aliyeona askari.

Nimepiga makelele. Kosa. Mama moja amenong'ona: "Ona vile anatetemeka." Nilikuwa natetemeka na hasira.

Nalala hapa, kati ya watu ambao kunguni zangu ziliwafukuza.

Siku ya pili, tarehe 13

Kinywa yangu haikuwakimbiza. Miguu njo iliwakimbiza. Basi niache kusema, nitembee.

Nimenawa. Nimefunga kitenge ya Noeli, nimekamata kitunga tupu ya kuvuna, nimepita katikati ya kambi ile saa wamama wote wako kwa robine ya maji. Sikuaga. Nilikuwa naimba wimbo ya korali, sauti ya kwanza, kwa nguvu. Kwa kona ya njia shingo iliniuma, vile nilitaka kugeuka. Muntu akigeuka, wanajua ana shaka. Sikugeuka.

Nimefika nyumbani. Nyuma yangu hakuna hata kuku. Nimelia kwa jikoni. Papa Musafiri ameuliza wako wapi. Nimemuambia wanakuja. Amecheka sana, mubaya ule.

Mvula tena.

Siku ya ine, tarehe 15

Siku mbili niko nangoa maharagi. Si yangu. Ya Riziki.

Nilipima kwanza. Nikingoa yangu, watasema: anavuna haraka apate kukimbia vizuri. Lakini nani anavunia jirani ile siku anataka kukimbia? Tena ninamujua Riziki. Vita anaogopa, ndiyo. Muntu mwingine ndani ya shamba yake, ile haiwezi kumuacha alale. Shamba yake inaonekana toka mulima ya ng'ambo, na wanaume wa kambi wanakujaka pale kuchungulia nyumba zetu. Jana niliona wawili. Nikaimba zaidi.

Leo saa ine Riziki amefika mbio, kilemba kwa mukono.

"Mama Neema! Unaniibia?"

"Kamata mustari ile. Umechelewa."

Amenitukana, na wazazi wangu pia. Nimefurahi kuliko siku walinichagua kwa korali. Kisha ameona maharagi yake yote imepangwa chini ya paa yake, kavu.  Amekaza kitenge, ameinama pembeni yangu. 

Mangaribi hakurudi Kashuga. Amewasha moto kwake. Toka ng'ambo kila muntu anaona ile moshi.

Siku ya posho, tarehe 17

Jana asubui walifika mama wawili. Saa sita shefu, anasema ni sababu ya mbuzi. Mangaribi mulima yote. Ng'ambo pia moto inawaka. Hakuna aliyeniomba samahani, nami sikuomba. Leo kila muntu iko kwa shamba yake, wanangoa na watoto wote. Maharagi mingi imepona. Mbegu iko.

Yangu imeota. Nimefungua ganda kumi, nane iko na mikia nyeupe ndani. Nilijua siku ya tatu, wakati nilipita shamba yangu kwenda kwa ya Riziki. Nilijua kabisa. Imeniuma vilevile. Nimekaa chini kati ya mistari muda murefu. Ningefanya tena, lakini imeniuma.

Riziki amesema tutakula ya kwake sisi wawili, na mbegu tutagawana. Hakuniuliza kama nataka. Njo vile anasemaka.

Siku ya Mungu, tarehe 18

Kisha ya ibada tumekaa wamama sita kwa uwanja ya Riziki, tunapepeta maharagi. Korali imeimba vizuri leo, hata kama mama moja alianza mbele ya wengine.

Saa tisa tumesikia masasi. Mbali. Mbili, kisha tatu. Upande gani, sikujua. Wawindaji ao watu wengine, sikujua.

Nyungo zimesimama. Wameniangalia wote, mpaka Papa Musafiri kule kwa kiti yake.   

Hii naandika hapa tu. Wakati wao walikuwa wananiangalia mimi, mimi nilikuwa naangalia mikono ya Riziki. Yeye peke yake hakuacha kupepeta. Basi nikapepeta. Kisha wengine nao.