Waya wa Mashine ya Misumari

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika. Huku tunasukuma siku. Kikohozi cha Mama kimepungua, na paka wako amezaa tena ndani ya gunia la maranda.

Umeuliza kama ile mashine ya upepo ya kupigilia misumari bado ni nzima. Ni nzima. Kila asubuhi naitia matone ya mafuta na kumwaga maji yanayojikusanya kwenye tangi lake la upepo, na msumari ukikwama nachomoa kwanza bomba la upepo. Hata nikichoka vipi, hilo siliruki.

Baba hajambo, ila goti halikunjiki. Alikuwa akishuka ngazi na mashine mkononi, ngazi ikayumba, kidole kikabana kifyatulio. Ule mdomo wa mbele, ambao usipokandamizwa kwenye mbao msumari hautoki, ulikuwa umefungwa kwa waya. Msumari ukatoka.

Nilikuwepo ulipoufunga, ukisema kazi ya paa iende mbio.

Wanaokuja kumjulia hali anawaambia, "Niliteleza tu, uzee huo." Mama alipouliza waya ni wa nani, alijibu ni wake, akageukia ukutani.

Sikuandikii kukugombeza, nguvu hizo sina. Waya nimeukata, umo humu kwenye bahasha. Ukimpigia simu atakwambia aliteleza. Mwitikie, usibishane naye. Halafu panda basi uje.

Ni mimi mdogo wako, ninayepanda paa siku hizi.