Habari za Kifo cha Shija

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko mhola, magoti hayakusumbui sana, na mvua ya Mhunze imetosha mtama ukasimama. Sisi hapa Nyarugusu tu wazima wa mwili. Mama Neema anakuamkia. Neema ameanza shule, na siku hizi ananisahihisha Kiswahili changu.

Najua mmesikia kwamba Shija wa Tinde, rafiki yangu niliyebatizwa naye, amefariki. Sikutaka mengine uyaokote barabarani, ndiyo maana naandika.

Mwaka jana duara letu, shimo tunamochimba dhahabu, lilikauka. Tulitoa mawe matupu mpaka watu wakaanza kunong'onezana, na msimamizi akaleta mganga. Kila mchimbaji anywe dawa, na asikanyage kanisani mpaka dhahabu ipatikane. Asiyetaka aondoke. Mimi na Shija tulikubaliana kukataa. Siku ilipofika nikakataa. Shija akapokea kibuyu, akanywa, macho chini.

Nilifukuzwa. Nikawa naponda mawe kwa nyundo pamoja na kina mama, na nyumbani tukilalia uji. Wenzangu nao, hawakukaa sana, wakapata dhahabu. Wazee wa kanisa waliposikia habari ya dawa, wakamtenga Shija na meza ya Bwana. Jioni moja akaja kwangu na nyama.

"Daudi, usinihukumu," alisema. "Mama anaumwa, wadogo zangu wote wananitazama mimi. Nimemkosea Mungu, najua. Lakini ningewalisha nini?"

"Sikuhukumu," nikamjibu. Ila nyama sikuipokea. Akaondoka nayo, na tangu siku hiyo tukawa tunapishana kama wageni.

Masika yalipozidi, ukuta wa duara ukaporomoka mchana, watu wakiwa chini. Msimamizi alikuwa anapiga simu huku anarudi nyuma. Mimi ndiye niliyeyafunga matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, kabla sijafukuzwa, kwa hiyo wakanifunga kamba nikashuka. Usiniulize kama niliogopa. Niliomba njia nzima ya kushuka.

Nikakutana na wenzangu wanapanda, wametapakaa tope. Wa mwisho akanishika mkono.

"Shija amebaki. Alikuwa karibu na ngazi, angetoka wa kwanza. Gogo lilipoanza kulala akarudi, akaliweka begani. Akatuambia, piteni."

Nilimkuta amebanwa kifua. Nikafukua kwa mikono.

"Niombee," akasema. "Mimi walishanitoa kanisani."

"Omba mwenyewe, Shija. Anakusikia."

Akaanza Baba Yetu kwa Kisukuma, kama tulivyofundishwa utotoni. Alipofika penye kusamehewa akanyamaza, akanitazama. Hapo nikaungana naye, tukaendelea pamoja. Tulimtoa akiwa hai, lakini alikata roho njiani kwenda hospitali, kichwa chake mapajani mwangu.

Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele ya watu, akasema imani yangu imepita motoni kama dhahabu. Wakapiga makofi. Mayu, nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilijaribiwa kwa njaa, nikashinda, nikatoka na moyo mgumu. Yeye alianguka mbele ya kila mtu, akaja kusimama kule chini gizani ambako hakuna wa kumpigia makofi. Nikawaeleza hivyo hivyo. Mzee mmoja akajibu, "Hata hivyo, alikufa akiwa chini ya adhabu."

Basi hakuna mzee aliyesindikiza jeneza. Tulimzika Tinde sisi wachimbaji, Wakristo na Waislamu, tukaimba tulichokijua.

Baada ya maziko mama yake alinivuta pembeni. "Daudi, wewe ulikuwa naye. Mwanangu amekufa mpagani?"

Nilitaka kumweleza. Badala yake nikaangua kilio. Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimeshamjibu ndiyo. Gari letu likaondoka nimemwacha na jibu lile.

Nakuomba, Mayu, panda gari uende Tinde. Mimi nimezuiwa hapa mpaka uchunguzi wa duara uishe, na jambo hili si la kumwambia mgonjwa kwa simu. Mweleze pole pole, kwa Kisukuma, mama kwa mama. Habari za ujasiri wangu usizitaje.

Nisalimie baba mdogo, dada Kulwa na shemeji, na yule bibi aliyetufundisha shule ya Jumapili. Yeye pia mwambie kuhusu Shija.

Lakini anza Tinde. Mama wa watu anamlilia mtoto aliyepotea, na mtoto hakupotea.

Ni mimi mwanao,
Daudi