Status Quo na Kaburi la Mama

Mpendwa baba,

Leo ni siku ya tisa mama yuko mochari, na aliyemzuia kuja kulala kando yako ni mimi. Nakueleza kabla hujasikia kwa mwingine.

Unakumbuka uliponifundisha yale maneno mawili ya Kilatini? Ulikuwa umetoka shuleni kufundisha, umeketi kwenye ngazi ya jikoni na gazeti. Nilisoma "status quo" kwa shida, ukanirekebisha kwa subira ya mtu aliyesomeshwa na mapadre. "Ni hali jinsi ilivyo," ulisema. "Mwogope anayeipenda sana."

Nikaifanya hiyo kazi yangu. Katika makala zangu zote nimeirushia mawe. Nimeikuta kwenye riwaya, ambamo anayeitetea huwa ndiye mwovu. Kwenye mikutano ya siasa, ambako kila mgombea huapa kuivunja hadi apate kiti. Kwenye nyimbo za vijana wanaoitukana bila kujua ilikotoka. Hapa mtaani kwangu, Skuta, kuna kinyozi aliyeiandika juu ya mlango wake. Nilimuuliza maana. "Mzee, ni kunyolewa vile umezoea."

Mahakamani haina mchezo. Baba mdogo alipoanza kusogeza ua kwenye shamba la babu, ulikozikwa wewe na ambalo halijagawanywa hadi leo, sikumwendea. Nilimwita mwizi gazetini, kisha nikamshtaki. Wakili wangu akaomba amri ya status quo, jaji akaitoa: hadi kesi iishe, hakuna kujenga, kung'oa, kuuza wala kuzika. Nilitoka nikipunga karatasi ile kama bendera. Neno "kuzika" nililipita tu. Nilidhani linamhusu yeye, maana huku kwetu kaburi ni ushahidi wa mwenye shamba.

Sasa majirani wanaitamka kama ugonjwa wa ng'ombe. "Pole sana. Ati hiyo shamba iko na status quo?"

Wakili anasema pande zote mbili zikikubaliana kwa maandishi, jaji anaweza kuruhusu kaburi moja. Kwa hiyo jana nilikwenda kwa baba mdogo. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe, wala hakuacha.

"Wewe uko na jina ya baba yangu," alisema. "Nimekuita baba tangu uzaliwe. Ati baba anaweza kuita mtoto yake mwizi kwa gazeti?"

Nikaomba msamaha, na sauti iliyonitoka sikuitambua.

"Nitaweka sahihi. Huyo mama alinipikia nikiwa kijana. Lakini andika kaburi yake si mpaka. Usikuje kuniambia kesho hapa ni kwenu juu mama yako amelala hapa."

Nilimpigia wakili. Akanionya kwamba nikiandika hivyo nimeidhoofisha kesi yetu kwa mkono wangu mwenyewe. Niliandika. Baba mdogo akasoma mara mbili, akaweka sahihi, akarudi kwa majani yake.

Kesho saa tatu tutakuwa kortini, yeye na mimi, benchi moja. Naogopa jaji atauliza swali ambalo sijalifikiria. Naogopa baba mdogo ataamka na moyo mwingine. Dada zangu wanapiga simu kuuliza siku ya mazishi, nami nawaambia wasubiri, kwa sauti ya mtu anayejua, na sijui chochote. Mama alinishika mkono hospitalini akaniuliza, "Si utanipeleka kwa baba yako?" Nikasema ndiyo, upesi, jinsi mtu anavyojibu kama ameulizwa kuhusu chai.

Nimepigana na status quo za wengine miaka yote hii, na ile niliyoiomba mwenyewe ndiyo imemfungia mama lango.

Pumzika hapo kaburini, kati ya mibuni yako ya kahawa, baba. Jaji akikataa, nitakuja kukuambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sitakimbilia gazetini.

Mwanao wa kwanza